Mume Wangu na Robo ya Gunia

Nianze na nyumba, kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Inasemwa kwamba nyumba hii ninayokaa ilijengwa kwa unga ambao marehemu mume wangu aliuiba katika jiko la chuo cha wauguzi, kopo kwa kopo, mwaka hadi mwaka. Nimelisikia hilo kwenye foleni ya maji. Nimelisikia msibani, tena msiba wake mwenyewe, kutoka kwa mtu aliyekuwa ameshika sahani yangu na kuomba aongezwe mchuzi. Basi ijulikane: kiwanja niliachiwa na baba yangu, na kuta zilisimama kwa mkopo wa walimu, nami ndiye niliyekuwa mwalimu. Unga haujengi nyumba. Anayejua kuukoroga ukawa tofali aje anifundishe. Sijazeeka kiasi cha kukataa elimu.

Miaka yote nilinyamaza, kwa sababu nililelewa kuamini kwamba ukimjibu mmbeya unampa kazi ya kudumu. Lakini sasa mjukuu wangu anaposwa, na upande wa pili umeanza kuulizauliza watu wa mtaani sisi ni watu wa namna gani. Waulize. Ila wakishamaliza kwa jirani, wasome na hapa.

Mume wangu alijulikana kwa jina la Kibaba. Mama yake aliuza unga sokoni kwa kipimo cha kopo, wala hakuwahi kuona haja ya mizani. Kanuni yake ilikuwa moja: jaza, shindilia kwa kiganja, jaza tena, kisha weka kichwa, yaani kile kilima kinachobaki juu ya ukingo. Mteja aliyepewa kopo lisiloshindiliwa alihesabika kuwa ameibiwa, na muuzaji aliyelisawazisha kwa kisu alihesabika kuwa hana haya.

“Unga uliokaa kwa kujinafasi ni hewa,” mama mkwe aliniambia wiki niliyoolewa, “na hewa Mungu anatoa bure.”

Nilikuwa na cheti cha ualimu wa sayansi, nikamjibu kwamba amesema kweli. Sikumbuki jambo jingine tuliloafikiana.

Mwanawe alirithi kopo lake na kanuni yake. Lilikuwa kopo la bati la nusu lita, mkono wake umepinda, na ndani limeng'aa kwa kusuguliwa na viganja vya watu wawili. Aliingia nalo jikoni chuoni akiwa kijana na hakupimia kitu kingine hadi siku aliyotoka. Kila alfajiri alitia makopo hamsini ya unga kwenye beseni kubwa, akakanda, na mikate aliyoitoa tanurini ilikuwa mizito, ya kushibisha, ambayo wanafunzi wa uuguzi waliilalamikia mwaka wa kwanza na kuililia walipohitimu. Vipimo vyake vingine sikuvielewa kamwe. Nilimuuliza unga unataka maji kiasi gani. Akasema, “Mpaka ukubali.” Nikamuuliza ukubali nini. Akasema, “Mwalimu, hili si darasa lako. Unga hauulizwi maswali.”

Alikuwa mtu wa mikono mikubwa na haya nyingi. Nyumbani alikunywa chai kwa mvumo uliosikika hadi kwa jirani. Akiingia mgeni, hata mpiga hodi wa kuomba moto, mume wangu alibadilika: alikaa kwenye ncha ya kiti, akashika kikombe kwa vidole viwili, akaanza kusema “naam” badala ya “ee”. Wageni walimwona mpole. Mimi nilimwona anachoka.

Sasa nimwingize mtu wa pili, kwa kuwa uvumi nao humwingiza. Mtunza stoo wa chuo alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, niliyemlea mwenyewe baada ya mama yetu kufariki. Alipata kazi ile kwa kufaulu usaili, lakini kwa kuwa shemeji yake alikuwa mpishi palepale, watu waliamua kwamba ameingizwa kwa mlango wa jikoni. Basi mdogo wangu akajiwekea nadhiri ya kutompendelea shemeji yake hata kwa chembe ya chumvi. Nyumbani kwangu walitaniana hadi majirani wakachungulia. Kazini alimwita “mpishi”, akamsimamisha mlangoni mwa stoo kama mtu aliyekuja kuomba sadaka.

“Shemeji, leo hata salamu umenipimia,” Kibaba alimwambia jioni moja mezani.

“Kazini sina shemeji.”

“Unaye. Anakukandia mkate unaokula bila kushukuru.”

“Namshukuru nikiwa hapa. Kule namhesabia.”

Tulicheka wote watatu. Ni kicheko ambacho nimekifikiria sana baadaye.

Akaja Mkuu mpya wa chuo, mama mmoja nadhifu, mwenye sauti ya chini na kalamu tatu mfukoni. Alipofika jikoni na kuona watu wanapima kwa makopo, vibuyu na viganja, aliuliza kwa upole kama hospitalini nako dawa hupimwa kwa kiganja. Wiki iliyofuata ikaja mizani kubwa yenye sahani ya chuma, na amri kwamba kila kitu kitolewe kwa uzito. Mdogo wangu akaagizwa atengeneze jedwali la kubadili makopo kuwa gramu, libandikwe mlangoni mwa stoo.

Alifanya kazi ile kwa uadilifu uliotisha. Aliliazima kopo lenyewe la Kibaba. Alijaza maji akapima; akajaza sukari akapima; mafuta, chumvi, vyote. Kwanza alishangaa kwamba kopo lilelile lina uzito tofauti kwa kila kitu, kisha akashangaa kwamba ameshangaa, maana sayansi hiyo nilimfundisha mimi. Ukafika unga. Alifuata kitabu: aliuchekecha, akauchota kwa kijiko, akaudondosha koponi taratibu kama anayemlaza mtoto, akasawazisha kwa mgongo wa kisu. Gramu mia mbili na hamsini. Akaandika.

Hakukosea. Nataka hilo lieleweke, kwa kuwa kuna wanaosema mdogo wangu ni mjinga, na huo nao ni uvumi. Unga uliochekechwa una uzito huo. Kosa lake ni kwamba alilipima kopo la mume wangu bila mkono wa mume wangu.

Makopo hamsini kwa siku, kila moja robo kilo: gunia la kilo hamsini lilipaswa kukaa siku nne. Lilikuwa likiisha siku ya tatu. Siku zote lilikuwa likiisha siku ya tatu, ila zamani hakuna aliyejua kwamba ni kosa. Sasa kila gunia lilikuwa na robo iliyopotea, na mlangoni kulikuwa na karatasi ya kuthibitisha.

Mtu mwingine angemwita shemeji yake pembeni akamuuliza. Mdogo wangu hangeweza, kwa sababu ya nadhiri. Alikwenda moja kwa moja kwa Mkuu, akamweleza kwamba robo ya unga haionekani, na kwamba mpishi ni mume wa dada yake, na kwamba anaomba asihusishwe na huruma yoyote. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akaja nyumbani kutuambia mwenyewe.

Tulikuwa sebuleni. Alikataa kukaa.

“Dada, nimekuja kama ndugu.”

“Basi kaa kama ndugu.”

“Sitakaa. Shemeji, nimekupeleka kwa Mkuu. Unga haufiki.”

Kibaba aliweka kikombe chini. “Haufiki wapi? Unafika tumboni.”

“Makopo hamsini ni kilo kumi na mbili na nusu. Wewe unamaliza kilo kumi na sita na ushee. Hizo nyingine ziko wapi?”

“Natia makopo hamsini. Hamsini nilikuta, hamsini natia. Unataka nikuapie kwa mama?”

“Mama hayumo kwenye jedwali.”

“Ndiyo shida yake hilo jedwali.”

“Shemeji, hili si la utani. Kamati ya chuo inakaa wiki ijayo. Ukishindwa kueleza unafukuzwa, na mimi nitaandika nilichokiona.”

“Andika,” mume wangu akasema. “Mkono wako, wino wa chuo.”

Mdogo wangu alipotoka, Kibaba aliniuliza kama nami ninadhani ameiba. Nilimwambia kwamba mtu asiyeweza kunificha zawadi ya sikukuu hadi jioni hawezi kunificha robo ya gunia. Nadhani alitegemea jibu laini zaidi, lakini alilala.

Kabla ya kamati, Mkuu aliamua kufanya haki kwa macho yake. Alimwita mpishi aje apime unga mbele yake, mbele ya mlezi wa wanafunzi na mtunza stoo, na akaruhusu mtu mmoja wa familia awepo. Nilikwenda mimi, nikiwa nimevaa kama wa harusini. Aproni ya mume wangu niliipiga pasi hadi mikunjo ikakata. Naye njiani alitembea kama anayekwenda kuposa.

Jikoni palikuwa pamefagiwa kuliko siku zote. Mkuu akasalimia, akasema kwa sauti yake ya chini, “Mpishi, tafadhali pima kopo moja, kama unavyopima kila siku.”

“Naam,” mume wangu akasema.

Nilipolisikia lile “naam” nilisogea hatua moja mbele, ingawa sikujua kwa nini. Alinawa mikono mara mbili. Akaomba chekecheo. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona na chekecheo mkononi. Akachekecha unga, akauchota kwa kijiko, akaudondosha koponi bila hata punje kumwagika, akaazima kisu kwa mlezi wa wanafunzi, akasawazisha. Kisha akaliweka kopo juu ya mizani kwa mikono miwili na kurudi nyuma hatua moja, kama mtumishi wa mezani katika hoteli kubwa.

Mdogo wangu alishaondoa uzito wa kopo. Mshale ukasimama: mia mbili na hamsini.

“Kumbe jedwali liko sahihi,” Mkuu akasema.

“Naam, sahihi kabisa,” mume wangu akaitikia, akiinamisha kichwa kwa shukrani.

Alikuwa amejihukumu kwa mikono yake, tena kwa adabu. Mdogo wangu aliiandika namba ile. Nje ya geti Kibaba aliniuliza, “Umeonaje, Mwalimu? Si nimepima vizuri?”

“Umepima vizuri mno,” nikamwambia. Ndiyo kwanza akaanza kunitazama usoni.

Wakati kamati ikisubiriwa, Mkuu aliamuru unga utolewe kwa uzito wa jedwali, si punje zaidi. Kibaba akapewa kilo zake kumi na mbili na nusu, akatia maji aliyozoea kutia, na kinyunya kikawa rojo, kikamkimbia mikononi. Akapunguza maji, mikate ikapungua. Ilitoka tanurini midogo, myepesi, ukiibonyeza inazama na hairudi. Wanafunzi waliipokea wakatazamana.

“Jamani, Kibaba sasa anaiba mchana kweupe,” mmoja akasema, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi.

Hapo ndipo ulipoanzia huo uvumi wenu. Mnisome vizuri. Alipokuwa akitumia unga wote kuwashibisha, ofisi ilimwita mwizi. Alipoacha kutumia ile robo, walaji wakamwita mwizi. Kati ya makundi hayo mawili, hakuna siku aliyochukua hata vumbi la gunia. Haba na haba hujaza kibaba, waliimba hivyo akipita. Methali nzuri. Watu wakikosa ushahidi huwa na methali.

Mimi nilipata jibu bila kulitafuta. Jioni moja nimetoka shule, namkuta Kibaba jikoni kwetu anaandaa unga wa mkate wa nyumbani, na anamsema mdogo wangu kwa sauti, peke yake.

“Namhesabia, anasema. Mtoto niliyemnunulia viatu.” Akachota unga kwa kopo lake, ambalo kila jioni alirudi nalo nyumbani. “Hewa tu imemjaa kichwani.” Akashindilia kwa kiganja, akachota tena, akashindilia tena, akaweka kichwa.

“Simama hapo hapo,” nikamwambia.

“Nimefanya nini tena?”

“Usimwage. Nipe hilo kopo.”

Nililifunika kwa sahani, nikalikumbatia, nikatoka nalo hadi chuoni, mtaa mzima ukinitazama. Ndiyo maana kuna wanaosema walimwona mke wa Kibaba akibeba unga wa chuo kwa kuuficha kifuani. Waliniona kweli. Wamekosea uelekeo tu: nilikuwa ninaupeleka, na ulikuwa wa dukani.

Mdogo wangu alikuwa anafunga stoo. Nilimwambia apime bila kuuliza. Akapima.

“Mia tatu thelathini na tatu,” akasema. Akapima tena. “Hili kajaza nani?”

“Shemeji yako.”

“Lakini dada, juzi mbele yetu—”

“Juzi alikuwa mbele ya wageni.”

Akakaa juu ya gunia. Mtu aliyekataa kiti changu alikaa juu ya gunia la maharage, akaanza kuzidisha kwa midomo. Mara hamsini. Mara tatu. Gunia lilimalizika sawasawa, siku ya tatu jioni, bila robo yoyote kubaki wala kupotea.

“Nimemuua shemeji yangu kwa hesabu iliyo sahihi,” akasema.

“Bado hajafa. Twende kwa Mkuu.”

Mkuu alisikiliza na, kwa haki yake, alisema kopo lililotoka nyumbani kwa mtuhumiwa, likiwa limebebwa na mkewe, si ushahidi. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo. Alitaka kuona kwa macho yake. Nikamwambia kwamba akimwomba apime, ataonyeshwa adabu tena, si kipimo. Alifikiri, akamgeukia mdogo wangu. “Wewe ndiye unayeweza kumsahaulisha kwamba mimi nipo.”

Kesho yake mdogo wangu akaingia jikoni wakati wa kukanda, Mkuu akiwa nyuma yake mlangoni, na kwa mara ya kwanza akaivunja nadhiri yake kazini.

“Shemeji,” akaita.

Kibaba hakugeuka. “Kazini hakuna shemeji. Uliniambia.”

“Nimeuliza wazee sokoni. Wanasema mama yako alikuwa anauza kopo nusu unga, nusu upepo.”

Wapishi wengine waligeuka kutazama. Mume wangu alizamisha kopo kwenye gunia hadi kiwiko.

“Mama yangu?” Akashindilia. “Aliyekulisha ulipokuja kwetu kamasi zinakutoka?” Akachota, akashindilia kwa mikono miwili. “Upepo? Njoo uuone upepo wa mama yangu.” Akaweka kichwa, kilima kirefu, akalisukuma kopo kifuani kwa shemeji yake. “Pima. Si ndiyo kazi yako?”

Mkuu ndiye aliyelipokea, akalipeleka kwenye mizani mwenyewe. Mia tatu na arobaini. Mdogo wangu alisema zile saba za ziada ni hasira, na kwamba hasira nayo kumbe ina uzito. Kibaba alipomwona Mkuu alianza kujifuta mikono na kutafuta “naam” yake, lakini alikuwa amechelewa kuwa mpole.

Kamati ilikaa na kumsafisha. Ilisema wazi kwamba hakuna unga ulioibwa. Mwenye shaka aulize waliokuwepo, wengi wao wangali hai na wana meno. Kwa hiyo simulizi ingeishia hapo, na mume wangu angestaafu kwa heshima, kama Mkuu asingekuwa mtu wa mipango.

Alimwita ofisini, akampongeza, akamweleza jambo jingine. Siku zile mikate ilipopunguzwa, chuo kiliona kwamba gunia linaweza kukaa siku nne. Hakuna mwanafunzi aliyeanguka kwa njaa. Kwa hiyo, kwa kuwa sasa yeye si mtuhumiwa tena, anaombwa aendelee na uzito wa jedwali. Apunguze maji tu, na mikate iendelee kuhesabika kuwa ileile.

Mdogo wangu alikuwepo, naye ndiye aliyenisimulia. Anasema Kibaba alisimama katikati ya ofisi ile, mbele ya mgeni mkubwa kuliko wote aliowahi kuwa nao, na hakusema “naam”.

“Mama,” alimwambia Mkuu, “nilipokuwa siibi mliniita mwizi. Sasa mnataka niibe ndiyo mniite mwaminifu.”

“Hakuna anayekuambia uibe, mpishi. Ni vipimo tu.”

“Nampa mtu mkate pungufu, namwambia ni uleule. Kwetu hilo lina jina.”

Alirudi jikoni, akachukua kopo lake, akaning'iniza aproni kwenye msumari, akatoka kwa geti kubwa mchana, watu wakiona. Walioona mtu anatoka na kopo lake mkononi na harudi tena, wakasema kafukuzwa. Wangesema nini kingine? Mtu kuacha kazi kwa sababu mkate ni mdogo ni jambo ambalo hata mimi mkewe nilichukua muda kulielewa, na sitadanganya kwamba nyumbani lilipokelewa kwa vigelegele. Nilimwambia jioni ile kwamba heshima hailiwi. Akanijibu kwamba wala hewa hailiwi. Tukaishi kwa mshahara wa mwalimu, na yeye akakandia watu wa mtaa mikate hapa uani, kwa kopo lililoshindiliwa, hadi mikono ilipomkatalia.

Mdogo wangu aliendelea na stoo hadi alipostaafu. Alikuja kwangu kila Jumapili, na aliitwa “mtunza mizani” na shemeji yake kila Jumapili, na alipokea mkate wake bila kuupima.

Waliomla Kibaba kisogo walikula na mkate wake, na sijamsikia hata mmoja akisema aliondoka na njaa. Mnaotaka kujua nani kati yenu alisema lile neno dirishani, ninamjua, na simtaji. Mnaotaka kujua Mkuu alimjibu nini, na kamati ilisema nini zaidi, mlikuwa na miaka mingi ya kumuuliza mwenyewe hapa uani, mkiwa mnatafuna. Hamkuuliza. Mimi nami sijibu. Nimesema ninayotaka yajulikane kuhusu mume wangu. Yaliyobaki ni ya nyumba yangu, na mlango wake nimeufunga.